Muulize Senga (Shangazi): Mtoto Wetu Anatoka Mombasa, Tujiandae Vipi?

Senga, salamu nyingi kutoka Jinja. Mimi na mume wangu tumeoana miaka kumi na moja na hatujapata mtoto, tumezunguka mahospitali na kwa waombeaji mpaka tukachoka. Dada yake mume wangu alikuwa ameolewa Mombasa, akafariki, na baba mtoto alikuwa ameshatangulia, akabaki binti mmoja ambaye sasa ana miaka mitano na miaka miwili yote ameishi kwenye nyumba ya watoto hukohuko. Tumeenda kumuona mara tatu, mahakama ya huko imeshatoa amri tumuasili kama ndugu wa damu, na mwezi ujao tunaenda kumleta. Kitanda nimenunua, neti, nguo, chumba tumepaka rangi, lakini Senga usiku silali. Binti anaongea Kiswahili cha pwani kizuri mpaka naona aibu, mimi nimezaliwa Walukuba hapahapa Jinja, Kiswahili changu ni cha mtaani, mume wangu ni Msoga wa Kamuli anababaisha tu, na wakwe zangu Kiswahili hawataki hata kukisikia wanasema ni lugha ya wanajeshi. Je nimuanze Kisoga siku ileile? Atatuita nani? Na famili ya mume wamepanga sherehe na mbuzi siku tutakayofika. Nini tumesahau?
— Mama mtarajiwa, Jinja

Mwanangu, hongera, na pole kwa hiyo miaka kumi na moja. Jina la binti ulilokuwa umeandika nimelitoa, atakua na atajua kusoma, sitaki ajikute kwenye gazeti.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kitanda kipo, neti ipo, rangi ipo, vizuri sana. Lakini hujaniandikia hata mstari mmoja kuhusu vitu anavyoviacha yeye, na hapo ndipo nataka tukae kwa muda. Nyinyi mnaenda Mombasa na furaha ya miaka kumi na moja, mmeomba mkapewa. Yeye alifiwa na baba, akafiwa na mama, akatolewa kwenye nyumba aliyoijua akapelekwa nyingine, akapazoea, pale kuna dada anayemuogesha na anajua maji anayapenda ya moto kiasi gani, kuna mwenzake wa kitanda cha jirani wanaongea usiku taa zikizimwa, na sasa wanakuja watu wawili aliowaona mara tatu maishani wanamng'oa tena. Hata kama nyinyi ni wema kuliko wote, kwake huko ni kung'olewa, na akilia msione kwamba hawapendi.

Nikueleze yangu. Kijana wangu nilimleta kutoka Bukoba mwaka 2009, tukapitia mpaka wa Mutukula, alikuwa na miaka minne. Nimemuomba ruhusa kuandika hili na amekubali. Alikuja na kipande cha kitenge cha bibi yake, kimechakaa, pembe moja amekitafuna mpaka nyuzi zimetoka, kinanuka moshi na dagaa. Tulipofika nyumbani akalala, mimi nikakichukua nikakiloweka kwa sabuni ya unga nikakianika, nikajiona nimefanya la maana. Asubuhi nikampa. Akakiweka puani, akanusa, akanusa upande wa pili, halafu akakiweka chini taratibu akageukia ukutani. Hakulia, hapo ndipo niliumia zaidi. Usiku tatu mfululizo hakulala, nami sikuelewa mpaka mama jirani akaniambia umemuoshea bibi yake. Harufu ile ndiyo ilikuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho na niliitoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa hiyo mwanangu, chochote atakachokuja nacho, iwe leso ya marehemu mama yake, iwe kandambili imekatika, iwe mdoli hauna kichwa, msikioshe, msikitupe, msikibadilishe na kipya. Kikae naye kitandani mpaka yeye mwenyewe akisahau, na akisahau mkihifadhi.

Kabla ya safari, mpigie simu yule dada anayemlea, si mkurugenzi, yule anayemuogesha. Muulize analala na taa au bila, analala peke yake au anagusana na mwenzake, akiamka usiku anaita nani, anaogopa nini, akikasirika ananyamaza au anarusha vitu, choo anaenda peke yake, anapenda kula nini na nini hali kabisa. Andika kwenye daftari. Halafu mwombe amchezee binti sauti zenu za WhatsApp, kila jioni sauti fupi, wewe siku moja na mume siku nyingine, mnamwambia tu leo tumepika nini, mvua imenyesha, kuku ametaga. Pelekeni pia foto za nyumba kwenye karatasi za kushika mkononi: mlango, kitanda chake, choo, jikoni, nyinyi wawili mmevaa nguo za kawaida za nyumbani. Choo usikisahau, mtoto wa miaka mitano akifika mahali pageni swali lake la kwanza ni hilo na anaona haya kuuliza.

Na tafadhali, tafadhali, msimdanganye. Nimesikia watu wengi wanamwambia mtoto "twende kutembea" halafu harudi tena. Mwambieni kweli kwa maneno madogo: tunaenda kuishi Jinja, pamoja, siku zote, na dada wa hapa tutampigia simu. Aage watu wake wote, mmoja mmoja, hata ikichukua asubuhi nzima na hata kama kila mtu analia. Namba ya yule dada ibaki kwenye simu zenu, na aongee naye baada ya kufika. Watu wataogopa wakidhani simu hizo zitamrudisha nyuma, lakini mtoto anayejua kwamba aliowaacha bado wapo anatulia mapema kuliko aliyeona wamepotea ghafla kama alivyopotea mama.

Safari yenyewe ni ndefu, Mombasa mpaka Nairobi peke yake ni karibu kilomita 480, msimuunganishie treni ya mchana na basi la usiku mpaka Jinja kwa pigo moja. Laleni Nairobi, laleni hata Kisumu kama mfuko unaruhusu. Mpakani Busia siku hizi ni kituo kimoja, mihuri yote ya kutoka na kuingia mnagongewa upande mnaoingilia, lakini mjue mtoto anayevuka na watu wasiokuwa na jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa ataulizwa maswali, na ni vizuri aulizwe, sheria zetu za kuzuia biashara ya watu za tangu 2009 zipo kwa ajili ya watoto kama huyu. Msikasirike na ofisa. Wekeni kwenye faili moja pasipoti yake mwenyewe, amri ya mahakama iliyothibitishwa kwa muhuri, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili, kitabu cha kliniki, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na nakala za zote kwenye begi lingine.

Mkishafika msilale kwenye makaratasi. Nendeni kwa ofisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya mjitambulishe, na mtafuteni wakili awaambie amri ya Kenya mtaitumiaje huku, kwa sababu kwa sheria yetu ya watoto kesi ya kuasili ikiwa na mtoto asiye raia inaenda Mahakama Kuu, haiishii kwa hakimu mkuu. Halafu uraia: Katiba yetu kifungu cha 11 inasema mtoto chini ya miaka 18 ambaye wazazi wake si raia, akiasiliwa na raia wa Uganda, anasajiliwa kuwa raia akiombewa. Sikia hilo neno, akiombewa. Hauji wenyewe. Nimeona vijana wanafika umri wa kitambulisho hawana pa kushika kwa sababu wazazi walidhani kulea kunatosha. Na wala msiogope kwamba atapoteza Kenya yake, Katiba ya Kenya ya 2010 haimnyang'anyi uraia aliyeupata kwa kuzaliwa.

Sasa lugha, hapa nina maneno mengi. Usimuanze Kisoga siku ya kwanza! Kiswahili ndicho kitu pekee mlichonacho pamoja, nyinyi watatu, ndicho alichoimbiwa na mama yake. Kiswahili chako cha Walukuba kinatosha kabisa, usione aibu, baba na mama zetu walikuja kufanya kazi viwandani pale kutoka kila pembe na Kiswahili hichohicho ndicho kiliwafanya kuwa majirani. Akisema "nataka mahamri" usimcheke usimsahihishe, tafuta jinsi ya kuyapika. Mume wako ajifunze, hata maneno hamsini: njaa, maumivu, baridi, kiu, usiogope, nipo hapa, nakuja sasa hivi. Ajifunze hasa ya usiku, maana mtoto akiamka saa nane analia, lugha ya pili inamtoka yote anabaki na ya mama.

Kuhusu wakwe, waelewe. Uganda watu wengi Kiswahili walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki kwenye roadbloku, hilo jeraha si la kubishana nalo. Lakini waambie kwa heshima kwamba tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi yetu, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, kwa hiyo huyu mjukuu anakuja na kitu ambacho wenzake watakitafuta kwa chaki kwa miaka. Na waambie pia kwamba hicho ndicho marehemu binti yao alichomfundisha mwanawe. Hili la mwisho litawagusa kuliko Katiba. Kisoga kitakuja chenyewe, kwa watoto wa jirani na michezo ya uani, utashtukia siku moja anakutafsiria wewe.

Atawaita nani? Mume wako ni mjomba wake, na hilo ni jina kubwa, lina damu ndani yake. Muacheni aanze na mjomba, na wewe anaweza kukuita mke wa mjomba, au jina lako, au mama na jina la mtaa, chochote kinachomtoka. Usimuombe akuite mama. Najua unavyolisubiri hilo neno mwanangu, miaka kumi na moja unalisubiri, lakini kwake neno hilo bado lina mwenyewe. Wekeni foto ya marehemu mahali anapoifikia kwa mkono, si juu ukutani. Akikuita mama siku yake ikifika, itikia tu "bee" uendelee na ulichokuwa unafanya, halafu ukalie chumbani.

Sherehe ahirisheni. Mbuzi ale nyasi miezi mitatu zaidi. Nyumba iwe ndogo na ya polepole wiki za mwanzo, watu wawili tu ndio wamlishe, wamuogeshe, wambebe, wamlaze, wewe na mume wako, kwa sababu mtoto aliyelelewa na wafanyakazi wa zamu anajua kumwendea mtu yeyote, atakaa mapajani kwa mgeni wa kwanza na watu watasema ana tabia nzuri mara moja amezoea. Hajazoea. Bado hajajua nani ni wake. Atakachojifunza kwenye wiki hizo ni kwamba akiumia kuna sura mbili zilezile zinazokuja kila mara. Ongea na bosi mapema, sheria yetu ya kazi ya 2006 inampa aliyejifungua siku 60 za kazi, wewe hujajifungua, kwa hiyo usisubiri mpaka mwezi ujao ndio uulize, tunza siku zako za likizo zote uzitumie hapo.

Chakula. Wiki ya kwanza sahau kumzoesha matoke. Mbaazi za nazi, chapati, samaki, chai ya maziwa, nazi kavu utaipata soko la Nakasero, Kampala, kama Jinja imekosekana. Huku ni baridi kuliko Mombasa, sweta na soksi za kulalia ni muhimu kuliko magauni. Na ukikuta chakula kimefichwa usigombe. Mimi nilikuta nusu ya chapati ndani ya foronya, imekauka kama kigae, nikamuuliza kwa nini, akaniambia "ya kesho." Tangu siku hiyo niliweka bakuli la ndizi na mandazi mezani halifunikwi, usiku na mchana, nikamwambia hilo ni lako hata saa nane za usiku. Ilichukua kama miezi minne akaacha kuficha.

Mwanzoni atakuwa mpole ajabu, atakusaidia hata kufagia. Halafu kama wiki ya tano ya sita hivi atabadilika, atakojoa kitandani, atapiga kelele kwa kitu kidogo kama kikombe cha rangi nyingine, atakwambia nirudishe kwetu. Hapo ndio ameanza kuwaamini, anajaribu kuona kama mtamrudisha kweli. Jibu ni moja tu, "harudishwi mtu hapa, najua unawakumbuka," na kumkalia karibu. Fimbo hapana, kabisa. Dokta muoneni ndani ya wiki mbili, apimwe minyoo, malaria, damu, selimundu, macho, masikio na meno, na shule ingoje muhula mmoja.

Senga, mimi ni Mnubi wa Bombo. Kaka yangu amefariki Juba ameacha kijana wa miaka tisa na mama yake ameniomba nimchukue nimlee huku. Lugha si tatizo, Kinubi chetu na Kiarabu cha Juba wanasikilizana. Swali langu, mwanasheria aliniambia nimuasili abebe jina langu ili shule iwe rahisi, moyo unakataa kwa sababu ya dini. Nifanyeje?
— Ami, Bombo

Ndugu yangu, moyo wako umeona sawa. Sura ya Al-Ahzab aya ya 5 iko wazi, waiteni kwa baba zao. Kumlea ni thawabu kubwa lakini nasaba yake inabaki ya kaka yako, na jina lile ni urithi pekee ambao hautaliwa na vita. Hujalazimika kuasili. Sheria ya watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 ina ulezi wa kisheria, unauomba Mahakama Kuu, na umewekwa kwa raia wa Uganda kama wewe. Mwambie mwanasheria hicho ndicho unataka. Kaa na sheikh au kadhi wako kabla ya hapo, na mama yake kijana aandike ridhaa yake mbele ya mashahidi Juba, maana yu hai na ana haki, na mtoto wa miaka tisa naye aulizwe anataka nini. Muhimu mama asikatwe, simu kila Ijumaa kama mtandao unashika. Shuleni utaandika jina la baba yake na jina lako kwenye nafasi ya mlezi, mwalimu mkuu hana shida na hilo akiona karatasi ya mahakama.

Senga, mwanangu wa kiume na mkewe wameleta mtoto wa kuasili kutoka Kenya, ana miaka mitatu, na wameniambia nisimbebe wala nisimlishe kwa wiki kadhaa. Mimi nimelea watoto saba na wajukuu kumi na wawili! Nimeumia sana, naona kama wananiona mchawi.
— Jaja, Mbale

Jaja wangu, pole, maneno hayo yanachoma na pengine hawakuyasema vizuri. Hawakuoni mchawi. Mtoto huyo ameshabebwa na mikono mingi kabla yenu na mikono yote ilimuacha, sasa wanataka kwanza ashike miwili, baadaye ndio aongezewe yako, na yako itadumu kuliko unavyodhani. Usisuse. Nenda kwao, lakini usiende na pipi wala usimuite aje. Beba kikapu cha karanga za maganda, kaa kwenye mkeka uani, menya taratibu, imba wimbo wowote uliowaimbia wale saba. Atakuja mwenyewe, atasimama mbali, siku ya pili atakaa ukingoni mwa mkeka. Akinyoosha mkono mpe karanga moja yenye ganda ajaribu kuipasua.